Miezi 6 na wakala wa mahusiano ya umma wa kripto, China na Magharibi: uzoefu wangu

Huduma yenyewe ni hii: wakala mmoja anakushikia makundi ya WeChat (programu ya Kichina ya kutumiana ujumbe) na vyombo vya habari vya Kichina, na papo hapo anakushikia Telegram, Discord, X na waandishi wa Kiingereza. Nilimtumia kwa miezi 6 kwa mradi wa blokucheni (daftari la kidijitali ambalo sarafu za kripto huendeshwa juu yake) ambao wafuasi wake wamegawanyika karibu nusu kwa nusu. Jina lake siliandiki. Kwa upande wa China nimeridhika, kwa upande wa Magharibi kidogo, na kwenye tafsiri baina ya pande hizo mbili ndipo mambo yalipoharibika.

Kwanza ile kazi aliyoiweza. Kundi la WeChat halizidi watu 500, na likishapita 200 msimbo wa QR haumwingizi mtu tena; lazima aalikwe na aliyemo. Kwa hiyo wafuasi 6,000 ni makundi 12 au zaidi, na kila kundi linataka msimamizi anayejibu sawasawa na wenzake. Wakala aliweka msimamizi mmoja kwa makundi manne, kwa zamu mbili, wote wakitumia faili moja ya majibu iliyosahihishwa kila asubuhi. Telegram inabeba hadi watu 200,000 katika kundi moja, ndiyo maana aliyezoea huko haelewi kwa nini jibu la Kichina linachelewa.

Kingine alichokijua ni kwamba X, YouTube, Medium na Google Docs zimefungwa China bara, kwa hiyo kiungo cha huko hakimfikii msomaji asiye na VPN. Kila tangazo alilifanya picha moja ndefu ya kusoma kwa kuteremsha kidole, maneno yote yakiwa ndani yake. Pamoja nayo aliandika kuaixun, yaani habari fupi ya sentensi mbili tatu, kwa ajili ya Jinse Caijing, Odaily, PANews na BlockBeats, vyombo vya Kichina vya habari za kripto. Msomaji wa Kichina huanzia hapo, makala ndefu huja baadaye.

Kwa Kiingereza aliniuzia "makala 10 za uhakika". Kifungu hicho kikatae. Mwandishi wa CoinDesk au The Block, vyombo vya Kiingereza vya habari za kripto, anataka hati, mtu wa kuhoji, na saa ambayo habari inaruhusiwa kutoka, hauzi nafasi. Makala ya uhakika ni tangazo la kulipia, linawekewa alama ya tangazo na wasomaji wanalipita.

Sasa tafsiri, ambayo ndiyo hasa unayoilipia. Kichina huhesabu kwa wan, yaani 10,000, na yi, yaani 100,000,000. Tokeni (sarafu za mradi) 1.2 yi ni 120,000,000, lakini rasimu ya Kiingereza niliyoletewa iliandika bilioni 1.2. Neno zhiya, linalotumika kwa kufungia tokeni ili kulinda mtandao, katika Kichina cha kawaida ni kuweka rehani. Mfasiri asiyejua kripto atawaambia wasomaji kwamba mradi umeweka mali rehani. Zhanlüe hezuo, "ushirikiano wa kimkakati", huandikwa kwa wepesi kwenye habari za Kichina hata pale pande mbili zilipokutana tu. Ukiupeleka ulivyo kwa Kiingereza, mtu atamuuliza mshirika, mshirika atakana, na hapo imani imekwisha. Hata rangi zina neno: kwenye chati za hisa za China bara nyekundu ni kupanda na kijani ni kushuka, kinyume na Magharibi. Mchoro mmoja kwa pande zote mbili ni kosa.

Mfano wa tafsiri iliyogeuka balaa: Januari 2018 waraka wa Kiingereza wa mradi wa kripto wa Tron ulipokutwa na vipande vinavyofanana na nyaraka za miradi mingine, Filecoin na IPFS, mwanzilishi wake Justin Sun alijibu kwamba waraka wa asili wa Kichina ulitaja vyanzo, na kwamba tafsiri zilifanywa na watu wa kujitolea. Lawama ilibaki kwa mradi.

Kilichotusaidia ni kuacha kutafsiri kabisa. Andika ukurasa mmoja wa mambo yaliyothibitishwa: tarakimu kamili, tarehe na saa kwa UTC (saa ya kimataifa), nani ameridhia jina lake kutajwa, na jambo gani hatuahidi. Kutokana na ukurasa huo waandishi wawili wanaandika, kila mmoja kwa lugha yake. Mtu wa tatu anayesoma lugha zote mbili analinganisha tarakimu na vitenzi, hasa "tutafanya" na "tunakusudia". Wakala atasema linaongeza siku moja. Kubali siku hiyo.

Halafu toa kwa dakika ileile. Saa 3 usiku ya Beijing ni saa 3 asubuhi New York majira ya joto, saa 2 majira ya baridi, na kwetu Dar es Salaam au Nairobi ni saa 10 jioni, wakati mzuri wa kusimamia pande zote mbili ukiwa macho. WeChat ikitangulia hata nusu saa, picha ya skrini inatua Telegram na tafsiri ya mashine, bei inacheza, na watu wa Magharibi wanasema Wachina waliambiwa kwanza. Ukitanguliza X, malalamiko ni yaleyale kinyume chake. Kumbuka pia kwamba makala ya akaunti rasmi ya WeChat ikishatoka, unaweza kurekebisha herufi chache tu.

Kuhusu sheria, muulize wakala mapema wafanyakazi wake wanakaa wapi. China ilipiga marufuku uuzaji wa tokeni kwa umma tarehe 4 Septemba 2017, na notisi iliyotangazwa tarehe 24 Septemba 2021 iliwagusa hata walio ndani ya nchi wanaoyafanyia matangazo masoko ya kripto ya nje. Waliotuhudumia walikuwa Hong Kong na Singapore. Agosti 2018 WeChat ilifunga akaunti kadhaa za kripto, ya Jinse Caijing ikiwemo, kwa hiyo usiwaweke wafuasi wako wote humo. Maandishi ya Kichina yasitaje bei wala kumwita mtu anunue.

Upande wa pili, zawadi ya "mwalike rafiki", ya kawaida kabisa kwenye makundi ya WeChat, imepigwa marufuku kwenye matangazo ya kripto Uingereza tangu tarehe 8 Oktoba 2023. Wakala alikuwa karibu kuichapisha kwa Kiingereza. Na orodha yake ya wapiga debe haikuwa na sharti la kutaja malipo. Marekani, mwaka 2022, Kim Kardashian alikubali kulipa dola milioni 1.26 kumaliza shauri la SEC, mdhibiti wa masoko ya mitaji wa huko, kwa kutosema kwamba alilipwa dola 250,000 kutangaza tokeni. Ongeza sharti hilo mwenyewe.

Bei ikianguka, makundi ya Kichina yatadai lapan, mradi uipandishe bei. Usijibu kuhusu bei, sema kazi gani imekamilika na lini. Ukinyamaza, neno litakalosambaa ni paolu, yaani wamekimbia. Kwa Kiingereza watu huvumilia ukimya zaidi, ilimradi umetaja saa ya taarifa inayofuata. Taja saa hiyo pande zote mbili, hata kama bado huna jipya.

Jambo la mwisho la mkataba: kundi la WeChat ni mali ya akaunti ya mtu mmoja, na hapa mwenye makundi yote alikuwa mfanyakazi wa wakala. Umiliki huhamishika ndani ya programu, lakini ni yeye tu anayeweza kuuhamisha. Andika kwamba makundi yote yakabidhiwe kabla ya malipo ya mwezi wa mwisho. Sisi tulilipa kwanza, na makundi matatu hatujayapata mpaka leo.