Uzoefu wangu na nyuzi za flati za D'Addario Chromes kwenye gitaa la besi

Wapiga besi wenzangu, swali ni nyuzi gani uweke kwenye gitaa la besi. Nianze na jibu, maelezo yafuate. Kama unapiga dansi, rumba au taarab, na unaishi ukanda huu wa joto na chumvi, nyuzi za flati, zenye uso laini, zitakufaa kuliko za raundi, zenye mikwaruzo. Mimi nimeweka D'Addario Chromes, seti ya ECB81, kwenye gitaa langu la nyuzi nne lenye muundo wa Precision, besi maarufu ya kampuni ya Fender, na sina mpango wa kuziondoa. Naandika kwa sababu katika maduka ninayopita hapa Dar es Salaam, nyuzi za besi zinazoning'inia ukutani karibu zote ni za raundi. Kijana anayeanza anaweza kupiga miaka na miaka bila kujua kwamba kuna aina nyingine.

Tofauti iko kwenye umbo. Kila uzi wa besi una waya wa chuma katikati, na juu yake umezungushiwa waya mwingine ili upate uzito wa kutoa sauti nene. Kwenye raundi, waya huo wa juu ni wa mviringo, kwa hiyo ukipitisha ukucha unasikia mikwaruzo. Kwenye flati ni utepe bapa wa chuma, na uso wa uzi unakuwa laini kabisa. Zipo pia za kati, yaani raundi zilizosagwa juu, na zipo zilizofunikwa kwa nailoni nyeusi. Hizo sitazizungumzia, sijazipiga kiasi cha kuzihukumu.

Flati ndizo zilizotangulia. Mtengenezaji Leo Fender alipotoa Precision mwaka 1951, besi waliyoizoea watu ilikuwa dabali besi ya kusimama nayo, na gitaa la besi lilianza maisha likiwa na nyuzi laini vilevile. Raundi zilipata nguvu kuanzia 1966, pale kampuni ya Rotosound ya Uingereza ilipotengeneza Swing Bass 66 ikishirikiana na John Entwistle, mpiga besi wa bendi ya roki ya The Who, aliyetaka besi yake isikike kwa ukali katikati ya magitaa yenye kelele. Upande wa pili alikuwepo James Jamerson, mpiga besi wa kampuni ya rekodi ya Motown, Detroit, Marekani. Yeye alitumia flati nene za La Bella, na husimuliwa kwamba hakuwa akizibadili mpaka zikatike. Sikiliza besi yake: noti inaingia, inasukuma wimbo, inaondoka. Haing'ang'anii.

Sauti ya namna hiyo si ngeni kwetu. Nenda Zanzibar usikilize taarab inayopigwa kwa dabali besi, au kidumbaki chenye sanduku, lile boksi lenye fimbo na uzi mmoja. Kishindo kinene, kisha nafasi. Hata nikisikiliza rekodi za bendi zetu za miaka ya 70 na 80, besi ninayoisikia ni nene na fupi, na uzuri wake uko kwenye kituo kati ya noti na noti. Raundi mpya hukijaza kituo hicho kwa mvumo wa juu, na vidole vikihama freti, vile vyuma vilivyokatiza shingo ya gitaa, unasikika mkwaruzo hadi kwenye spika. Kwenye bendi yenye magitaa mawili ya solo na la rithimu, mvumo huo unagombana na rithimu moja kwa moja. Fundi mitambo atapunguza sauti za juu za besi ili asikie magitaa, na pesa uliyolipia mng'ao wa sauti imekwenda bure.

Tangu niweke Chromes, rithimu yetu inasikika vizuri zaidi bila mtu kugusa mashine. Besi inakaa pamoja na ngoma ya mguu ya drams, na noti za tumbuizo refu zinatenganishwa bila mimi kuhangaika kuziba nyuzi kwa kiganja. Kwa nyimbo za taratibu naweka kipande cha sponji chini ya nyuzi karibu na daraja, pale zinaposhikwa kwenye mwili wa gitaa. Sponji si ubunifu wangu: magitaa ya Fender ya zamani yalikuja nayo kiwandani, imebandikwa ndani ya kifuniko cha daraja. Sponji pamoja na flati ni sauti ambayo mpiga besi yeyote wa taarab anapaswa kuijaribu.

Kuhusu jasho nitakaa kidogo, maana hapo ndipo hela zetu zinapopotelea. Onyesho la dansi linakwenda mpaka usiku mwingi, ukumbi umejaa, na mkono unatoka jasho tangu wimbo wa pili. Uzi wa raundi una mamia ya mifereji midogo. Jasho, mafuta ya mwili, ngozi iliyokufa na vumbi vyote huingia humo na kukauka. Uchafu huo una uzito, na hauketi sawasawa: sehemu hii mwingi, ile kidogo. Kwanza unanyamazisha zile sauti ndogo za juu zinazopanda pamoja na sauti kuu, ndiyo maana nyuzi zilizokuwa zikilia vizuri zinapooza. Kisha unaharibu tyuni. Uzi ukiwa wazi uko sawa, ukibonyeza freti ya 12 umeshatoka nje. Wengi hulaumu gitaa na kulipeleka kwa fundi, kumbe uzi umekufa. Ongeza hewa ya bahari, chuma kinashika kutu hata gitaa likiwa limelala ndani ya begi.

Tunajua dawa ya kuzichemsha. Inafanya kazi kweli, kwa sababu maji ya moto huyeyusha mafuta na kutoa uchafu, na kulowesha kwenye spiriti kunafanya kazi vilevile bila hatari ya maji kubaki ndani. Lakini mng'ao unaorudi haudumu, na kila unapoufungua uzi na kuufunga tena, pale ulipokunjwa kwenye kikazio, kile cha kutyuni kichwani, panazidi kuchoka. Kama una onyesho kesho na huna hela, chemsha, ukaushe vizuri, upige. Usiufanye huo kuwa utaratibu wa maisha.

Flati hazina mifereji ya kupokea uchafu. Nikimaliza kupiga nafuta kila uzi kwa kitambaa kikavu, juu na chini, basi. Chromes zikiwa mpya zina ukali kidogo kuliko flati nyingine, na mtu aliyezoea raundi hatashtuka sana. Ukali huo unapungua kadiri unavyopiga, na kwa masikio yangu nyuzi zinazidi kuwa nzuri. Seti hunigharimu karibu mara mbili ya raundi za nikeli za kampuni hiyohiyo. Bei hiyo inauma siku ya kununua, lakini kwa jinsi nilivyokuwa nikibadili raundi, flati zimeshajilipa na zinaendelea.

Freti nazo zinapona. Freti za magitaa mengi ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, laini kuliko chuma cha pua. Raundi za chuma cha pua huzitafuna taratibu, na kubadilisha freti ni kazi ya fundi wa kweli, ambao hapa nchini si wengi. Chromes nazo zimezungushiwa chuma cha pua, ila uso wake ni laini, haukwangui.

Sasa mapungufu, na yapo. Mkononi nyuzi hizi zinakaza. Mwenye vidole vyepesi atasikia uzito mwanzoni. Kupiga kwa dole gumba na kudonoa hakutokei vizuri, utapata kishindo bila ule mlio wa chuma. Na kuna sebene la kisasa ambalo besi inatakiwa iume, idonoe, ijibizane na drams; kwa kazi hiyo raundi ndizo zenyewe, na sitamwambia mpiga besi wa bendi ya namna hiyo abadili.

Kabla ya kununua, pima urefu. Gitaa la kawaida la besi lina inchi 34, kama sentimita 86, kutoka daraja hadi pale nyuzi zinapoingia kichwani. Magitaa mafupi yana inchi 30, na yana seti zake. Ukiweka seti ndefu kwenye gitaa fupi, sehemu nene ya uzi itajizungusha kwenye kikazio, na flati haipendi kona kali. Namba za pakiti ni unene kwa sehemu za elfu za inchi: 45-65-80-100 ya ECB81 maana yake uzi mwembamba ni milimita 1.14 na mnene ni 2.54. Seti yangu ya zamani ya raundi ilikuwa na namba hizohizo, lakini shingo bado ilivutika mbele kidogo kwa sababu ya mkazo wa flati. Nikakaza chuma cha ndani ya shingo robo mzunguko, nikaliacha gitaa lilale usiku kucha, asubuhi nikatyuni upya na kusogeza vipande vya daraja hadi freti ya 12 ilipokubaliana na uzi wazi. Usiruke hatua hiyo ya mwisho. Na uzi wowote uliozungushiwa, ukunje kona kwanza kwenye kikazio ndipo ukate ncha. Ukikata kabla ya kukunja, waya wa juu unaweza kulegea kutoka kwenye waya wa kati, na uzi mpya unakuwa umekufa kabla haujapigwa noti.

Jihadhari na bandia. Niliwahi kuuziwa seti yenye jina kubwa kwenye pakiti, ndani nyuzi hazilingani rangi, na ule mnene ulikuwa na mlio wa kopo. D'Addario huweka namba ya siri kwenye mfuko wa ndani, unaiingiza kwenye tovuti yao kuhakikisha kama ni halisi. Mimi sasa sinunui kwa bei inayopendeza kupita kiasi, na ninapoweza huagiza kwa mtu anayesafiri.

Kuna chaguo nyingine mbili nilizopiga kwenye magitaa ya wenzangu na kuzipenda. La Bella Deep Talkin' Bass ni nene na zenye giza zaidi. Seti ya nyuzi za Jamerson inafika 110, inahitaji mkono wenye nguvu, na kwa rumba ya taratibu sijasikia kitu kizuri kuliko hicho. Thomastik-Infeld Jazz Flats, za Vienna, Austria, ni kinyume chake: zimelegea mkononi, zinaimba kwenye sauti za kati, na bei yake iko juu sana. Kama vidole vyako vinauma au unapiga saa nyingi, anza kuweka akiba kwa ajili ya hizo.

Kwenye gitaa langu la nyuzi tano, la kanisani, nimebakiza raundi za nikeli. Uzi wa tano, B ya chini, hutetemeka mara 31 hivi kwa sekunde, na spika za makanisa mengi haziwezi kuitoa sauti hiyo ya msingi kwa nguvu. Kinachowafikia watu ni zile sauti za juu yake. Flati huzipunguza hizo, kwa hiyo unabaki na mtikisiko ambao kwaya haiwezi kuutambua kama noti, na waimbaji wanapotafuta ufunguo wanakosa pa kushika.

Kwa gitaa la nyuzi nne, seti ijayo nitachukua ECB82, yaani 50-70-85-105. Mwimbaji wetu wa sasa ana sauti ya chini, tumeanza kushusha tyuni nusu hatua, na ECB81 zikishushwa hivyo uzi wa E, ule mnene kuliko wote, unalegea kuliko ninavyotaka. Unene huo wa ziada utarudisha mkazo, na robo mzunguko ya shingo itabidi niiangalie upya.