Kasha la kufuma glavu za Selbu: uzoefu wangu wa likizo ya Krismasi hapa Trondheim

Kasha hili nililinunua mwishoni mwa Novemba, nikalifungua tarehe 23 Desemba, na glavu zenyewe nimezivaa kwa mara ya kwanza tarehe 4 Januari nikienda kazini. Naandika mapema kabla sijasahau, kwa sababu mwenyewe nilitafuta maelezo kwa Kiswahili kabla ya kutoa pesa yangu, sikuyapata. Tupo wengi huku Norwei, Uswidi na Ufini, na wengi wetu tumekua tukiwaona mama zetu wakifuma. Huenda kuna mtu anajiuliza nilichokuwa najiuliza mimi.

Trondheim mwezi wa Desemba jua linachomoza saa nne asubuhi, na saa nane na nusu mchana limeshazama. Unatoka nyumbani giza, unarudi giza. Miaka yangu miwili ya mwanzo likizo hizi ziliniumiza. Mchana nalala, usiku usingizi hauji, simu mkononi mpaka macho yanawasha. Safari hii nikasema hapana, mikono yangu itapata kazi.

Kasha nimelilipia krona 429. Ndani kuna madonge matatu ya uzi wa sufu, kila moja gramu 50, mawili meusi na moja jeupe. Kuna sindano tano za mbao za milimita 2.5 zenye ncha pande zote mbili, karatasi ya mchoro wa nakshi, na kijitabu cha maelekezo. Bei si ndogo, lakini glavu zilizofumwa tayari kwa mkono utazikuta dukani kwa bei inayozidi hiyo.

Kama hujawahi kuziona, ni zile ambazo vidole vinne vinakaa pamoja na dole gumba lina chumba chake peke yake. Selbu ni sehemu ya vijijini isiyo mbali na hapa. Mwaka 1857 msichana wa huko aitwaye Marit Emstad alifuma jozi ya nyeusi na nyeupe yenye nyota ya petali nane, na wanasimulia kwamba alizivaa kwenda kanisani, watu wakazitamani. Tangu hapo nyota ile ikawa alama ya Selbu, na leo utaiona Norwei nzima kwenye sweta, kofia, vikombe, hata karatasi za kufungia zawadi. Mimi nilikuwa naipita kila siku bila kujua ina kijiji chake na mtu aliyeianzisha.

Sasa kufuma kwenyewe. Mama yangu kule Muheza ni fundi wa vitambaa vya makochi, vile vyeupe vya kufuma kwa sindano moja ya ndoano. Mkono nilikuwa nao basi, ila hii ni kazi nyingine. Kwa ndoano unashika kitanzi kimoja, unakimaliza, unakwenda kingine. Hapa una vitanzi 56 vimegawanywa kwenye sindano nne, vyote viko wazi, na ya tano ndiyo inayofuma. Kitanzi kimoja kikichomoka kinateremka chini mistari mitatu, minne, na unabaki umeshika pumzi. Siku ya kwanza nilifumua mara tatu. Siku ya pili mara moja.

Rangi mbili ndiyo darasa lenyewe. Wakati uzi mweusi unafuma, mweupe unapita nyuma ya kitambaa ukisubiri zamu yake. Ukiuvuta, glavu inakunjamana na mkono hauingii. Ukiulegeza kupita kiasi, vidole vinanasa ndani kila ukivaa. Lakini nyuzi hizo za nyuma ndizo zinazoleta joto, kwa maana glavu inakuwa na tabaka mbili na hewa inabaki katikati. Nilipoelewa hilo nikaacha kuziona kero.

Aliyeniokoa ni mama mmoja wa Bukavu ninayefanya naye kazi kwenye nyumba ya wazee. Alikuja kwangu tarehe 26 na sahani ya sambusa, akanitazama nikifuma kama dakika tano hivi, halafu akasema, "Dada, unavuta huo uzi sawa vile unateka maji ku kisima. Acha ipumue."

Nikamwambia, "Mama, nikiuacha unalegea."

Akachukua sindano mikononi mwangu. Kabla ya kubadilisha rangi alivitandaza kwa kidole gumba vile vitanzi alivyokwisha kufuma, vikalala vimenyooka juu ya sindano ya kulia, ndipo akaleta uzi mwingine. Ni hilo tu. Kijitabu chenye kurasa kumi na mbili hakina sentensi hata moja inayolisema jambo hilo, na kwangu huo ndio upungufu mkubwa wa kasha hili. Wamempigia hesabu mtu aliyefundishwa na bibi yake wa Kinorwei tangu ana miaka saba.

Maelekezo yenyewe ni ya Kinorwei peke yake, tena kwa vifupisho. Utakutana na *r*, yaani rett, kitanzi cha kawaida, na *vr*, yaani vrang, kitanzi cha kinyume. Ukiona *2 r sm* unafuma vitanzi viwili kwa pamoja kuwa kimoja, ndivyo ncha ya glavu inavyochongoka. Hivyo vitatu vinakutosha, mengine yote yako kwenye mchoro wa miraba. Mchoro umechapishwa mdogo mno. Nilienda kuutoa kopi kubwa, na kila mstari nilioumaliza nikaupiga penseli. Fanya hivyo tangu mwanzo, usijiamini kwamba utakumbuka ulipofikia.

Kuna na hili la sindano. Moja ilikuja na ufa karibu na ncha, sufu ikawa inanasa kila nikitelezesha kitanzi. Niliwaandikia wauzaji tarehe 27 Desemba. Walinijibu tarehe 6 Januari wakiomba picha, wakati glavu nimeshazimaliza. Najua ni sikukuu na watu wako mapumzikoni, lakini hawa wanauza kitu cha kufanyia sikukuu, basi wangemwacha hata mtu mmoja wa kujibu. Niliendelea kwa sindano nne, vitanzi kwenye tatu na ya nne ikifuma. Inawezekana kabisa, ila pembe zinabana zaidi.

Siku zile kati ya Krismasi na mwaka mpya wenyeji wanaziita romjul. Mji unapoa, hakuna anayemharakisha mtu. Mimi nikazigawa hivi: asubuhi kitabu, mchana mchoro na nuru ndogo iliyopo dirishani, jioni jiko. Vidole vinachoka na sufu, usivilazimishe zaidi ya saa mbili mfululizo.

Jikoni niliamua kuoka pepperkaker, biskuti nyembamba za viungo ambazo hapa Krismasi haikamiliki bila hizo. Nitawapa vipimo kwa sababu zimenitoka vizuri sana. Siagi gramu 150, sukari desilita 2 na shira desilita 1 unaziyeyusha pamoja kwenye sufuria, halafu unaacha zipoe. Unaongeza krimu desilita 1, kisha unga gramu 450 uliochanganywa na kijiko kidogo cha magadi ya kuokea, na viungo: tangawizi, mdalasini, karafuu na pilipili manga, vyote vya unga. Donge linalala kwenye friji usiku mzima. Usiruke hapo, likiwa la moto linanata kila mahali. Kesho yake unasukuma kama chapati ila nyembamba zaidi, unakata maumbo, unaoka kwa nyuzi 175 dakika nane mpaka kumi.

Nilipofungua makopo ya viungo nilisimama kidogo pale jikoni. Karafuu, mdalasini, pilipili manga, vyote vinalimwa kwetu, milima ya Usambara ya mashariki, njia ya kupanda Amani. Iliki pia, na Wanorwei wanaipenda kwelikweli, wanaitia kwenye mikate yao laini wanayoiita boller. Mara ya kwanza kupita mbele ya duka la mikate asubuhi hapa Trondheim nilisikia harufu ya mahamri, nikageuka kutafuta ni nani anapika. Mama alinitumia iliki ya maganda kwa mtu aliyekuwa anasafiri. Niliibandua, nikaitwanga kwenye kinu changu kidogo mpaka mbegu nyeusi zikawa vumbi la kijivu, na chumba chote kikanukia. Ile ya pakiti ya dukani ni ya unga tayari, imeshapoteza nusu ya nguvu yake. Boller zangu zilikuwa ishirini na nne. Nane nilipeleka kwa jirani wa chini, naye akaniletea kikapu cha clementini, aina ya vichenza.

Vitabu niliazima maktaba ya mji, ile ya katikati yenye magofu ya kanisa la kale ndani ya jengo lake. Kuazima ni bure. Nilichukua riwaya moja nene ya Kinorwei, ya upelelezi, nikijua nitakwama, na pembeni nikaweka riwaya ya Kiswahili niliyotoka nayo Tanga miaka mitatu iliyopita bila kuigusa. Hii ya Kiswahili niliimaliza kwa siku mbili. Kinorwei nilisoma kurasa ishirini kila asubuhi na kamusi kwenye simu, na hiyo ndiyo kazi pekee simu ilipewa.

Wanaouliza kama unaweza kufuma huku unasoma: sehemu ya kifundo cha mkono, ambayo ni rangi moja, ndiyo, weka kitabu kwenye mto na ubonyeze kurasa kwa kijiko. Ukifika kwenye nyota, hapana. Hapo hata redio nilizima. Bibi mmoja kule kazini aliponiona na sindano wakati wa mapumziko alinisimulia kwamba mwaka 2013 televisheni ya taifa, NRK, ilirusha usiku mzima wa kufuma, kuanzia kunyoa kondoo mpaka sweta kukamilika, wakishindana na rekodi ya Australia. Kazi ilichukua muda wa zaidi ya saa nane na hawakuifikia rekodi. Yeye alikesha akiitazama, naye anafuma yake. Alinisimulia huku vidole vyake vikicheza hewani vitanzi visivyokuwepo, na ni mwanamke ambaye siku nyingine halikumbuki jina langu.

Nilipomaliza glavu ya pili niliiweka juu ya ya kwanza. Ya pili imezidi kwa karibu upana wa kidole. Uzi ni ule ule, sindano zile zile, vitanzi 56 kwa 56. Ya kwanza niliifuma kabla ya yule mama wa Bukavu kuja, nikiwa nimekaza mabega. Nilikaa nayo mapajani jioni nzima, halafu nikaifumua yote mpaka kifundoni na kuanza upya. Siku tatu. Uzi wa sufu uliofumuliwa unabaki umejikunja kama nywele zilizosukwa zikafunguliwa. Unauzungushia kwenye kiti, unaulowesha, unauacha ukauke, nao unanyooka. Uzi mweupe ulinibaki kama mita mbili, basi kwa mkono mkubwa donge moja jeupe halitoshi. Wauzaji wangeliandika hilo juu ya kasha.

Kuosha ni kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya sufu, bila kusugua. Maji ya moto na msuguano vinafanya nyuzi za sufu zishikane, na glavu ya mtu mzima inageuka ya mtoto. Kausha ikiwa imelala juu ya taulo.

Tarehe 4 Januari asubuhi ilikuwa nyuzi 11 chini ya sifuri. Nilisubiri basi dakika kumi na tano, nikatoa mkono mmoja nje kujaribu, nikaurudisha. Ndani palikuwa na joto kama la mkate uliotoka jikoni.

Je, ninapendekeza? Kwa aliyewahi kushika sindano ya aina yoyote, ndiyo, bila wasiwasi, na sufu yenyewe haina kasoro. Kwa asiyewahi kabisa, anza na skafu ya rangi moja, kisha urudi kwa hili. Kati ya nyota tano naweka nne, na hiyo moja niliyoiondoa ni ya sindano yenye ufa, mchoro mdogo na lile jibu lililochelewa siku kumi. Jozi ya pili nimeshaianza, ya mama. Kule Amani kwa bibi, mwezi wa Julai kuna ukungu na baridi ya asubuhi, na mama anapanda huko kila mwezi kuchukua iliki. Yake nimeichagulia buluu na nyeupe, madonge mawili meupe safari hii, na sindano za chuma.