Grafu ya ruta hii inasema uongo, na huduma kwa wateja wakanifutisha ushahidi

Faili la gigabaiti 4 linashuka kwa megabiti 90 kwa sekunde, kompyuta inaonyesha hivyo na saa ya ukutani inathibitisha, lakini ukurasa wa grafu wa ruta unachora mstari uliolala chini kabisa: kilobiti mia mbili, mia tatu, basi. Nilinunua ruta hii kwa ajili ya ukurasa huo. Nyota moja.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Jibu: "Ndugu mteja, zima kifaa, subiri sekunde 30, washa tena." Nikaeleza kwamba nimeambatanisha picha za skrini, naomba zitazamwe kwanza. "Ndugu mteja, fuata maelekezo." Nikazima, nikawasha. Vipimo vya wiki nzima vikatoweka, kwa sababu ruta hii inaviweka kwenye memori ya muda, ile inayofutika umeme ukikatika. Mtu anayehudumia kifaa hiki kila siku anatakiwa kulijua hilo kabla ya kumwagiza mteja azime. Nilipolalamika, tiketi ikafungwa na kuandikwa "limetatuliwa". Limetatuliwa na nani?

Tatizo lenyewe liko hivi, na nalieleza kwa kirefu kwa sababu wao hawakulieleza hata kwa ufupi. Ruta hii ina uharakishaji wa maunzi, ambao huja ukiwa umewashwa tangu kiwandani. Muunganisho mpya ukianza, pakiti chache za mwanzo (vipande vidogo vya data) hupita kwa prosesa, ambako kaunta za Linux, mfumo unaoendesha ruta, huzihesabu. Muunganisho ukishatambulika, hukabidhiwa chipu ya swichi, na kuanzia hapo pakiti zinapita bila prosesa kuziona. Grafu inasoma kaunta za prosesa. Kisichopita kwake hakichorwi.

Dalili yake huwezi kuikosea ukishaijua: upakuaji mrefu unaanza na jino dogo kwenye grafu, kisha mstari unaanguka na kubaki chini hadi faili liishe. Kufungua kurasa za kawaida kunaonekana vizuri, kwa kuwa miunganisho yake ni mifupi na mingi hufa kabla ya kukabidhiwa. Ndiyo maana mtu anaweza kukaa na grafu hii miezi mingi akidhani iko sawa.

Usiniamini mimi, pima. Ingia kwenye ruta kwa SSH, njia ya kuiandikia amri ukiwa kwenye kompyuta, andika cat /proc/net/dev, utafute mstari wa kiolesura (mlango wa mtandao) cha upande wa intaneti. Namba ya kwanza baada ya jina ni baiti zilizoingia, ya tisa ni zilizotoka. Nakili ya kwanza, pakua faili la baiti bilioni 1 kamili, kisha soma tena na utoe. Tofauti inatakiwa izidi ukubwa wa faili kwa asilimia 4 hivi, ambazo ni vichwa vya pakiti, yaani anwani na maelezo yanayotangulia data. Kwangu ilitoka chini ya milioni 30. Hiyo si hitilafu ya kuchora, ni trafiki ambayo haikuhesabiwa kabisa.

Dawa: zima uharakishaji. Kwenye ruta za kiwandani mara nyingi umefichwa chini ya jina NAT ya maunzi (hardware NAT). Kwenye OpenWrt, mfumo huria wa ruta, uko kwenye mipangilio ya ukuta wa moto. Baada ya kuzima, anza upakuaji mpya. Ule uliokwishakabidhiwa kwa chipu unaweza kuendelea kupita hukohuko hadi ukatike, na utadhani kuzima hakujafanya kazi. Nilipopima upya, tofauti ilikuwa baiti 1,043,000,000 na kitu. Grafu ikasimama palepale penye megabiti 90.

Hapo hasira ilipungua, nakiri. Kifaa chenyewe ni kizuri: waifai haikatiki, joto liko chini, na hata bila uharakishaji prosesa inabeba laini ya megabiti 100 bila kuhema. Mwenye laini ya megabiti mia kadhaa hali yake ni tofauti: prosesa ndogo itafika asilimia 100 na kasi itashuka, kwa hiyo atachagua kati ya kasi na grafu ya kweli. Ni uchaguzi wa haki. Kosa ni kutomwambia mtu kwamba upo. Nyota tatu, basi, labda nne.

Kabla ya kulaumu chipu, ondoa haya. Namba ikitofautiana mara nane kamili, mmoja anasoma biti na mwingine baiti. Ikiwa mara mbili, umejumlisha kiolesura cha PPPoE (muunganisho wa kuingia kwa mtoa huduma kwa jina na nywila) na cha Ethaneti kilicho chini yake, na trafiki ni ileile. Kilele cha jana kikionekana kifupi leo, ni wastani: grafu ya wiki huunganisha vipimo vingi kuwa kimoja, na mlipuko wa sekunde kumi huyeyuka humo.

Wanaochora kwa programu ya nje kupitia SNMP, itifaki ya kusoma kaunta za vifaa vya mtandao, wana mtego mwingine. Kaunta ya ifInOctets, ya baiti zilizoingia, ina biti 32, hivyo hurudi sifuri ikifika baiti 4,294,967,296. Ukisoma kila dakika 5, kasi ikizidi megabiti 114 hivi kwa sekunde kaunta inamaliza mzunguko mzima kati ya usomaji mmoja na mwingine, na gigabaiti 4 hazionekani tena. Tumia ifHCInOctets yenye biti 64, kwa SNMP v2c au v3. V1 haiwezi kuisoma. Na ruta ikiwashwa upya, kaunta inaanza sifuri, programu inadhani imezunguka, inachora mnara wa kasi isiyowezekana. Kwenye RRDtool, programu ya kuhifadhi na kuchora vipimo, badilisha aina ya data ya COUNTER iwe DERIVE na uweke kiwango cha chini 0.

Kuhusu kuhifadhi: elekeza vipimo kwenye fleshi ya USB. Kuandika kila dakika kwenye flashi ya ndani kunaichosha. Ruta nyingi za nyumbani hazina betri ya saa, kwa hiyo zikiwaka saa huwa nyuma hadi seva ya NTP, inayotoa saa sahihi kupitia mtandao, ipatikane, na RRDtool hukataa kipimo chenye muda wa nyuma kuliko cha mwisho. Pengo dogo baada ya kuwasha ni la kawaida. Likiendelea nusu saa, kagua NTP.

Nilikuwa nimeshaamua nyota nne. Kisha nikafungua tena ukurasa wa grafu, nikatafuta mahali popote palipoandikwa kwamba namba hizi si sahihi uharakishaji ukiwa umewashwa. Hakuna. Mstari mmoja ungetosha. Na ile wiki ya vipimo hairudi, na tiketi yangu bado inasema "limetatuliwa". Nyota mbili, na hizo mbili ni za waifai.