TAHADHARI: Muuza stelingi boksi za Land Cruiser hapa Dodoma kanipiga, nusura animalizie mzee

Ndugu zangu wa Dodoma, na ninyi wote mnaohangaika na Land Cruiser za zamani, naomba msome hii. Nimepigwa. Nimepigwa mchana kweupe, tochi mkononi, nikiwa nimekwenda mwenyewe kwa miguu yangu. Wiki mbili nimenyamaza kwa aibu, maana mimi ndiye mnayenipigia simu kuuliza kama spea fulani ni nzima. Lakini jana kijana mmoja wa Nkuhungu ameniambia yuko njiani kumlipa mtu huyohuyo hela ya stelingi boksi, lile boksi la chuma linalopeleka mzunguko wa usukani kwenye tairi. Nikaona nikiendelea kunyamaza nitakuwa mshirika wake.

Gari la mzee, baba yangu, mnalijua, wengine mlilipanda siku ya msiba wa mama kule Mvumi. Na bega lake bovu mnalijua pia. Zile Land Cruiser FJ40 nyingi, kama hii yetu, usukani wake hauna msaada wowote, ni nguvu ya mkono tu, na tangu tuweke tairi pana, kukata kona ndani ya mchanga wa korongo ni kazi ya watu wawili. Mzee hataki dereva. Kasema siku akishindwa kwenda kuangalia zabibu zake mwenyewe, basi tumchimbie kaburi. Ndiyo nikaanza kutafuta pawa stelingi, usukani unaosaidiwa na pampu ya oili.

Naomba mnielewe kwa nini nilimwamini. Wengi wanaofanya kazi hii huchukua boksi la Land Cruiser FJ60, kwa sababu FJ60 za mwanzo zilitoka na injini ya 2F, lita 4.2, hiyohiyo iliyomo kwenye gari letu. Pampu na bano lake havikupi shida. Shughuli inabaki kwenye chesisi, kuchomelea plati ya kubebea boksi na kupatanisha shafti ya usukani. Sasa huyu bwana alinieleza yote hayo kabla sijafungua mdomo. Akaniuliza injini ni F au 2F. Matapeli niliowazoea hawajui hata tofauti ya pampu na dainamo! Halafu alinipokea kwa "Mbukwa", salamu ya Kigogo, akamuulizia mzee bega, akanipa kigoda nikae kivulini. Nani asingelegea?

Boksi alilitoa kwenye gunia, limeoshwa kwa dizeli, limepigwa rangi nyeusi. Akalibana kwenye jiriwa, akanikabidhi spana. "Kaka, shika mwenyewe, usije ukasema nimekufanyia kiinimacho." Nikalizungusha kushoto hadi mwisho, nikalirudisha kulia huku nahesabu mizunguko kwa sauti, naye anahesabu pamoja nami. Laini. Nikalileta katikati, maana boksi lolote hulika zaidi pale katikati, gari hutumia maisha yake mengi likienda moja kwa moja. Nikaushika mkono wa chini kwa nguvu, nikaitikisa shafti. Hakuna mchezo hata kidogo. Nikamulika masikio ya kufungia moja baada ya jingine, yote mazima. Nikachovya kidole kwenye tundu la oili, ikatoka nyekundu, safi. Mwisho nikachukua kalamu ya rangi nyeupe nikaandika pembeni 74, umri wa mzee, ili nijue ndilo langu.

Akacheka, akasema nimefanya vizuri kuweka alama.

Ndipo akaniambia sili zake ni za zamani, nikilifunga hivyo litavuja ndani ya mwezi. Nimwachie usiku mmoja, kijana wake aweke sili mpya, hanitozi hata mia. Nikataka kumpa nusu ya hela. Akakataa! "Nenda na hela yako kaka, utanilipa kesho ukiridhika." Hapo ndipo aliponimaliza. Mtu anakuamini hivyo, wewe unaonaje haya kumwonyesha kwamba humwamini? Nikamtumia zote kwenye simu palepale, shilingi 1,100,000, boksi, pampu na mipira yake. Hela ya mzee ya mavuno. Sikudai risiti.

Kesho yake nafika saa 10 jioni, boksi liko kwenye gunia, limefungwa kwa mpira wa tairi, fundo juu ya fundo. Yeye yuko kwenye simu, anaongea kwa haraka na mteja wa Singida, ananipungia mkono nichukue. Nikakata mpira wa juu, nikafunua kidogo. Rangi nyeusi. 74 nyeupe. Nikafunika. Haikufika hata nusu dakika.

Fundi wangu mnamjua, si mtu wa maneno. Alikaa nalo siku tatu, akachomelea, akafunga, akatoa upepo kwenye mfumo. Alipolijaribu akarudi akasema, "Usukani ni mwepesi, lakini haurudi wenyewe baada ya kona." Mimi nikamjibu kwamba sili ni mpya, litazoea. Mimi! Nilimtetea mwizi mbele ya mtu aliyekuwa ananiokoa.

Jumamosi mzee akalitoa mwenyewe, furaha kama mtoto, kwa mkono mmoja. Mbele ya Mpunguzi, anapanda kutoka kwenye korongo, akakata kushoto. Anasema alisikia kama jiwe linapasuka, usukani ukazunguka, tairi zikabaki zinatazama kulekule. Gari likaingia kwenye ukingo. Paji la uso likagonga usukani, nyuzi 4. Mwendo ulikuwa wa mtu anayetembea. Wiki iliyofuata alikuwa amepanga kwenda Kibaigwa, barabara kuu, malori yamefuatana. Nikifika hapo kwenye kuwaza naacha.

Tulipolishusha tukaliosha kwa petroli, rangi ikatoka pamoja na gundi ya chuma. Sikio moja lilikuwa limepasuka zamani, likazibwa kwa gundi, likapakwa rangi juu. Kwamba ni zamani nina uhakika, maana mpasuko mpya wa chuma hung'aa, na huu ndani ulikuwa na kutu nyekundu. Ile skrubu ya juu ya kurekebisha ilikuwa imekazwa hadi mwisho, alama za spana bado mbichi, ili kuficha kwamba ndani limelika. Ndiyo sababu usukani ulikuwa haurudi.

Halafu nikaitazama ile 74. Mimi nne yangu naiandika wazi kwa juu, tangu shule. Ile ilikuwa imefungwa kama pembetatu. Alikaa chini, yeye au kijana wake, akanakili umri wa baba yangu juu ya boksi bovu. Boksi nililolijaribu mimi liko kwake mpaka leo, na nina hakika ndilo alilomwonyesha yule kijana wa Nkuhungu.

Nilimfuata. Akanitazama kama hanijui. "Ulipokea mwenyewe, hukulalamika. Mafundi wenu ndio wanaoua spea za watu." Hela? Ameniambia niende popote.

Nakwenda. Kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, na kifungo chake kinafika miaka 7. Mimi naiona midogo. Afungiwe biashara, vile vyuma vyake vyote vikaguliwe kimoja kimoja, na arudishe hela ya kila aliyemliza. Sitaki mtu amguse, nasema wazi, asipigwe. Nataka asimame kizimbani mzee akiwa amekaa mbele yake na kovu lake. Muuza simu feki anakula hela yako. Huyu anauza kifo, na anajua anachouza, maana aliziba ufa kwa mkono wake!

Mlioniuliza faragha dalili ni zipi: rangi mpya kwenye chuma kikuukuu, ikwangue, hasa kwenye masikio. Anayekataa uondoke na mzigo siku hiyohiyo. Skrubu ya juu iangalie kama imeguswa karibuni. Alama usiweke kwa kalamu, piga kwa ponchi mahali asipopaona. Na risiti, jamani, risiti. Yapo mengine, sasa hivi kichwa hakijatulia.

Jina lake sitaliandika hapa, polisi wanalo, na RB ninayo. Hadi sasa tumejitokeza wawili. Kama na wewe alikuuzia kitu ukaona haya kusema, Jumatatu saa 3 asubuhi nitakuwa kituoni. Njoo na ulichonacho, hata ujumbe wa kutuma hela tu. Boksi nitakuwa nalo, limo kwenye gunia lake lilelile.