Forester au X-Trail? Ushauri kwa mnunuzi wa Kisumu na viunga vyake

Anayetafuta gari la familia lililoinuka kidogo, kwa bei isiyomkaba koo, mara nyingi hujikuta kati ya haya mawili: Subaru Forester ya umbo la SJ, iliyotengenezwa 2012 hadi 2018, na Nissan X-Trail T32 iliyotoka mwisho wa 2013. Ya petroli ya lita 2.0 ndiyo utakayokutana nayo zaidi, na injini zote mbili hutumia cheni badala ya mkanda wa taimingi. Mimi naiweka Forester mbele, hasa ikiwa kwenu ni ndani ndani.

Ukiacha lami ya Ahero ukaingia Kano wakati wa masika, ule udongo mweusi haubembelezi mtu. Forester husukuma magurudumu yote manne wakati wote, bila dereva kubonyeza chochote, na tumbo lake liko sentimita 22 juu ya ardhi. X-Trail inategemea umeuziwa ipi. Tafuta kitufe cha kuzungusha kilichoandikwa 2WD, AUTO na LOCK. Kisipokuwepo, hiyo ni ya magurudumu mawili, na dalali asikwambie vingine.

X-Trail ina sifa zake, tena si ndogo. Kuna za viti saba, na nyingi za Japani zina viti visivyopitisha maji. Mwenye watoto, au anayebeba samaki na mboga, atashukuru. Halafu kuna suala la umri: Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. T32 za miaka ya mwisho bado zinaingia kutoka Japani, lakini Forester SJ utakayopewa leo imeshakula mashimo yetu.

Kinachonitia wasiwasi kwa X-Trail ni giaboksi ya CVT, yaani ya otomatiki isiyo na gia za hatua. Ikichoka, kuitengeneza kunaweza kumaliza akiba yote. Kwa hiyo usiijaribu kwa kuzunguka yadi tu. Ipandishe kutoka Mamboleo hadi Kiboswa, mguu ukiwa umetulia kwenye mafuta. Injini ikipiga kelele na mwendo usiongezeke, au gari likitetemeka, achana nalo. Ukifika juu, likiwa bado na joto, simama, weka R (kurudi nyuma) kisha D (kwenda mbele). Likikawia kabla ya kushika, hilo nalo ni jibu. Jaribio hilo hilo lifanyie Forester, maana nyingi nazo ni CVT.

Kwa Forester, fika asubuhi injini ikiwa baridi. Shika boneti kwa mkono, isije ikawa wameipasha kabla hujafika. Chomoa kijiti cha oili, kwa sababu baadhi ya injini hizi hunywa oili, na mwenye gari asiyepima huiua polepole. Harufu ya oili inayoungua ni dalili ya kuvuja. Kisha kagua tairi zote nne: ziwe saizi moja na zilizolika karibu sawa. Tairi moja mpya kati ya tatu kuukuu huumiza mfumo wa kugawa nguvu. Kata usukani hadi mwisho, uzunguke polepole kwenye lami. Gari likigomagoma kama linavutwa breki, mfumo huo umeshaguswa.

Mazda CX-5 ya dizeli naiweka ya tatu. Inavuta vizuri mno na giaboksi yake si CVT, ila chujio lake la moshi huziba kwa safari fupi fupi za mjini. Kama kila wiki unakwenda Nakuru na kurudi, basi itakufaa.

Lipia fundi wako mwenyewe, wala si wa muuzaji. Na kabla ya kutoa hata shilingi, thibitisha umiliki kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani: namba ya chasisi ifanane na iliyo kwenye gari, na jina la benki lisiwe bado limekaa pale kando ya la muuzaji.