Xala: Alhaji tunamjua, bibi harusi je?

Filamu hii ya Msenegali Ousmane Sembène ya 1975 nimeiangalia na shangazi yangu, ambaye ni somo, mfundaji wa wari. Tanga amefunda mabinti wengi tu. Maandishi ya chini yalikuwa ya Kiingereza, hivyo mimi nilitafsiri na yeye akacheka kabla sijamaliza.

El Hadji, mfanyabiashara mkubwa wa Dakar, anaoa mke wa tatu, N'Goné, binti wa rika la mwanawe. Usiku wa harusi jogoo hapandi mtungi. Xala ndiyo laana hiyo, kwa Kiwolof. Kabla ya hapo shangazi wa bibi harusi alishamwambia El Hadji akae juu ya kinu, mchi katikati ya miguu, naye akakataa. Mambo ya kishamba hayo. Shangazi yangu akapiga makofi: "Kinu kakikataa, sasa huo mchi atautoa wapi?" Asubuhi wanawake walipokuja kukagua shuka alinyamaza, kisha akasema neno moja, "Kisarawanda," kile kitambaa cheupe cha kukagulia ubikira usiku wa harusi. Pale sikutafsiri kitu.

Kwa upande wa mwanamume, filamu haijazeeka hata siku moja. Alhaji anakunywa Evian, na Mercedes yake inaoshwa kwa hiyohiyo Evian. Mpe V8 badala ya Mercedes, utamtaja mtu kwa jina. Anazunguka kwa waganga, anapona, anamkimbilia bibi harusi, anamkuta yuko mwezini! Mganga aliyemponya kalipwa kwa hundi, hundi haina fedha, xala inarudishwa. (Leo angepita duka la dawa kimyakimya, na filamu ingeisha dakika ya arobaini.) Binti yake Rama anakula kofi kwa kusema kila mwenye wake wengi ni mwongo. Baadaye baba anamsemesha Kifaransa, yeye anajibu Kiwolof, na yale maji ya chupa hayagusi. Hapo nilirudisha nyuma tukaangalia tena.

Kilichonikwaza ni N'Goné. Tunaonyeshwa gari la zawadi lenye utepe, tunaonyeshwa picha yake ukutani chumbani, mgongo wazi, lakini sauti yake husikii. Najua Sembène alikusudia: binti kanunuliwa kama lile gari. Nakubali, ila kumwonyesha mtu kama bidhaa kwa saa mbili bila kumuuliza chochote, mwisho na wewe unakuwa umemweka dirishani. Wake wakubwa wawili angalau wana hasira zao, hasa Oumi, ambaye anadai zamu yake bila haya na bila kuomba radhi. Ningemwangalia Oumi peke yake filamu nzima.

Mwisho una mate mengi, usile wakati huo. Shangazi hakuyajali. Aliuliza, "Na yule mtoto wa watu, ikawaje?"

Nikamwambia ndugu zake wamevunja ndoa.

"Siulizi ndugu zake," akasema, akaomba nirudishe tena atafute.