Dark Sun ya 1991: uchawi umeiva, nguvu za akili zinataka daftari

Anayenunua sanduku la Dark Sun, dunia ya kuchezea mchezo wa kuigiza wahusika wa Dungeons & Dragons, kwa sababu ya uchawi wake hatajuta. Anayelinunua kwa sababu ya nguvu za akili ajiandae kuingia mfukoni mara ya pili, maana kitabu chenye kanuni za nguvu hizo, The Complete Psionics Handbook cha Steve Winter, hakimo ndani yake. Vyote viwili vilitolewa na kampuni ya TSR mwaka 1991, na kanuni za sanduku zinachukulia kwamba unacho tayari, pamoja na vitabu vya msingi vya AD&D (Advanced Dungeons & Dragons) toleo la 2.

Ndani ya sanduku mna vitabu viwili vya kurasa 96 kila kimoja: kimoja cha kanuni, kingine cha kuieleza Athas, dunia ya jangwa mchezo unamofanyika. Kuna ramani, hadithi fupi, na kisa cha kuanzia kilichofungwa kwa waya katika vitabu viwili, kimoja cha mwendesha mchezo na kimoja cha picha za kuwaonyesha wachezaji. Watunzi ni Timothy B. Brown na Troy Denning. Picha za mchoraji Brom zinatosha kukuuzia sanduku kabla hujasoma neno, ingawa nitazungumzia kanuni zaidi.

Athas imekuwa jangwa kwa sababu ya wachawi. Mchawi huko huvuta nguvu kutoka kwenye uhai wa mimea iliyomzunguka. Mhifadhi huchukua kwa kiasi, mimea ikabaki hai. Mharibifu huvuta mpaka majani yanakuwa majivu na udongo unakufa. Hili lina jedwali lake. Mharibifu akifanya uchawi, mwendeshaji anaangalia aina ya ardhi waliyosimama, kisha ngazi ya uchawi wenyewe, na jedwali linampa yadi za kupimia duara la majivu kutoka pale mchawi aliposimama. Penye msitu duara ni dogo, kwa kuwa nguvu ipo tele karibu. Penye mchanga mtupu linapanuka, kwa kuwa inabidi kukusanya kijani kidogo kutoka mbali. Kwa maneno mengine, ardhi iliyo maskini ndiyo inayoumizwa eneo kubwa zaidi, na mtu anaelewa jangwa lilivyoenea bila kusomewa historia.

Kosa la kawaida mezani ni kulisahau jedwali hilo vita vinapopamba moto, kisha kukadiria tu. Dawa yake ni kuamua aina ya ardhi ya kila mahali pa mapambano kabla ya kikao na kuiandika pembeni mwa ramani. Baada ya hapo chora duara lenyewe kwa penseli na uliache. Wachezaji wakirudi njia ileile, majivu yapo, na yeyote anayewinda wachawi anajua pa kuanzia.

Lakini kuna pengo. Katika sanduku hili uamuzi wa kuwa mhifadhi au mharibifu hufanywa siku ya kutengeneza mhusika. Mharibifu anapanda ngazi kwa pointi chache za uzoefu kuliko mhifadhi, na kishawishi chote kimeishia hapo. Mhifadhi aliyebanwa kona, mwenzake anakata roho, hana mlango wa kanuni wa kusema "leo tu". Dark Sun ya toleo la 4 la mchezo, iliyotoka 2010, iliona udhaifu huu: mchawi anapotumia uchawi wake mkubwa wa mara moja kwa siku anaweza kuamua papo hapo kuharibu, akarusha dadu upya, na wenzake waliomo ndani ya miraba 20 ya ramani ya mapambano wanaumia kwa ajili yake. Kama njia ya kumtia mtu majaribuni, hiyo inaishinda ya 1991. Kama njia ya kuonyesha ardhi inavyokufa, ya 1991 bado haijapata mpinzani.

Upande wa makuhani hauna mengi. Athas haina miungu: kuna makuhani wa ardhi, hewa, moto na maji, kuna watunza maeneo ya asili, na kuna watumishi wa wafalme-wachawi wanaopewa nguvu na mfalme mwenyewe. Wa maji ndiye kila kundi litamng'ang'ania, na sababu haihitaji maelezo.

Sasa nguvu za akili. Kitabu cha Winter kinazigawa katika fani sita: kuona yaliyofichika, kusogeza vitu, kubadili mwili, kusafiri bila mwendo, kuwasiliana akili kwa akili, na fani ya sita inayozishughulikia nguvu nyingine zenyewe. Kila nguvu ina namba yake ya kufaulu. Chukua ile ya kusogeza vitu: namba ni Busara, mojawapo ya alama za uwezo wa mhusika, kutoa 3. Mwenye Busara 15 anarusha dadu ya pande 20 akitafuta 12 au chini yake. Akipata 12 kamili, nguvu inampa nyongeza. Akipata 20, kuna balaa iliyoandikwa kwa nguvu hiyohiyo. Akikosa tu, anapoteza nusu ya pointi za nguvu za akili ambazo angelipa. Utaratibu huu ni mzuri, una wasiwasi wa kutosha kila dadu inapoviringika.

Tatizo ni daftari. Kila nguvu ina gharama ya kuianzisha na nyingi zina gharama ya kuishikilia kila raundi. Mtu mwenye nguvu tatu zinazoendelea anafanya hesabu tatu za kutoa kabla zamu haijamfikia jirani. Mpe kila mchezaji wa aina hii karatasi ya pekee yenye safu ya raundi, na asifute: akate na kuandika chini. Anayefuta ndiye anayeleta ubishi.

Pointi hurudi 3 kwa saa ukitembea, 6 ukikaa, 12 ukilala au kutafakari. Piga hesabu. Usingizi wa saa nane ni pointi 96, na mhusika wa ngazi ya 3, ambako Dark Sun huanzia, hafikii hapo. Kila asubuhi anaamka amejaa. Mwendeshaji anayeweka pambano moja kwa siku atalalamika kwamba nguvu za akili zimezidi kila kitu, na kosa litakuwa la ratiba yake. Weka misukosuko mitatu au minne kati ya macheo na kambi, safari ikiwa ya miguu, uone pointi zinavyoanza kuhesabiwa kwa ubahili.

Vita vya akili kwa akili ndipo kitabu kinapochosha. Kuna mashambulizi matano na kinga tano, na jedwali la kuzikutanisha. Ili kuifikia akili iliyofungwa ya mtaalamu mwingine wa nguvu za akili lazima ufanikiwe mara tatu ndipo uguse kamili, wakati wenye mapanga ya mifupa wanasubiri na kuchezea simu. Vita hivyo vichezwe wawili tu wakiwa na mwendeshaji, kabla au baada ya kikao.

Vipaji vya kuzaliwa ni jambo jingine la kurekebisha. Kila mhusika wa mchezaji ambaye si mtaalamu wa nguvu za akili anapewa kimoja kwa dadu ya asilimia. Mmoja anaondoka na nguvu kubwa, mwingine na kitu atakachokisahau wiki ijayo. Waache warushe mara mbili na kuchagua.

Kinachozifunga pande hizi mbili ni sheria za Athas. Nguvu za akili ni za kawaida, hata mtumwa anaweza kuwa nazo. Uchawi unakuletea kifo. Nguvu za akili hazihitaji maneno wala ishara za mikono, uchawi wa kawaida unahitaji. Kwa hiyo mchawi mwerevu hujifanya mtu wa nguvu za akili, na mlinzi anayetazama vidole badala ya matokeo ndiye wa kuogopwa. Mwendeshaji akilishika hilo, kila uchawi unaofanywa sokoni Tyr, mji wa Athas, unakuwa tukio.

Nakala za PDF za sanduku zinauzwa kihalali mtandaoni. Toleo lililosahihishwa la 1995 lilibadilisha nguvu za akili zifanane na kupiga na kujikinga kwa silaha. Linaenda kasi zaidi, ila lile balaa la 20 na ile nyongeza ya namba kamili ndivyo ningevililia. Nunua la 1991 na kitabu cha Winter. Cha kuchapisha kwanza ni ukurasa wa jedwali la uharibifu na ule wa mashambulizi na kinga. Vingine vinasomeka kwenye skrini.